Mifuko ya hifadhi ya jamii ipime mwenendo wa kampuni, isihukumu nchi nzima

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo sisi wachangiaji wa mifuko ya hifadhi ya jamii hatulijadili vya kutosha, nalo ni mahali fedha zetu za uzeeni zinapofanya kazi kabla hatujastaafu. Tangu mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, nimeisikia hapa Mbeya, hasa miongoni mwa walimu na wauguzi, hoja kwamba mifuko ya umma iondoe fedha zake katika kampuni yoyote inayofanya biashara kwenye nchi yenye vita. Hoja hiyo inatoka katika moyo safi nami naiheshimu. Hata hivyo, ikifikishwa kwa viongozi wa vyama vya wafanyakazi kama inavyosemwa sasa, itamwumiza asiyehusika na vita na kumwacha anayehusika aendelee na shughuli zake.

Wapo watakaosema kwamba mstaafu mtarajiwa ana kilio cha kikokotoo, yaani hesabu ya kiwango cha pensheni, na kwamba habari za vita vya Kongo ni anasa ya wenye pensheni nono. Siafikiani nao. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake na mwajiri huongeza asilimia 15, kisha fedha hizo hununua hati fungani za Serikali, huwekwa amana benki, hujenga majengo na hununua hisa. Mwenye haki ya kuuliza atalipwa kiasi gani ana haki ileile ya kuuliza fedha hizo zimezalishwa wapi na kwa njia gani.

Mfano wa karibu kabisa ni Benki ya CRDB, ambayo Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, ni mmoja wa wanahisa wake wakubwa. Mwaka 2023 benki hiyo ilifungua kampuni tanzu mjini Lubumbashi. Kwa hiyo mwalimu wa Rungwe na mhudumu wa zahanati wa Makete tayari wana senti zao ndani ya nchi yenye vita, wawe wanajua au hawajui. Kanuni ya kuondoka katika kila nchi yenye mapigano ingeulazimu mfuko uuze hisa hizo na kulikosa gawio lake, ilhali Lubumbashi iko zaidi ya kilomita 1,000 kusini mwa Goma, katika upande wa Kongo unaoishi kwa kutegemea Tunduma na Bandari ya Dar es Salaam.

Anayekaa kando ya barabara kuu pale Uyole hahitaji kuelezwa uhusiano huo. Malori yanapita yamebeba mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, na kwa kuwa shaba ni nzito mno, mzigo wenyewe haufiki hata usawa wa magoti juu ya tela, kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani lori linakwenda tupu. Kutoka Dar es Salaam yanapandisha na mafuta, saruji na salfa ya kuchenjulia shaba hiyohiyo. Kuna mama ntilie, mafundi wa matairi, mawakala wa forodha na wenye nyumba za kulala wageni, kuanzia Makambako hadi mpakani, ambao ada za shule za watoto wao zinatoka kwenye safari hizo. Watu hawa hawajamnunulia mtu risasi, wala mchimbaji wa Katanga, eneo la Lubumbashi, anayepata ujira wake hajafanya hivyo.

Tumekwisha kuona yanayotokea pale nchi nzima inapotiwa kwenye kapu moja. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria iliyozitaka kampuni zilizo kwenye masoko yake ya hisa zieleze kama madini zinayoyatumia ya bati, tantali, tungsteni na dhahabu yanatoka Kongo au katika nchi zinazopakana nayo. Nia ilikuwa kuwanyima waasi fedha. Septemba mwaka huohuo Rais wa Kongo, Joseph Kabila, alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na hata zuio lilipoondolewa mwaka 2011 wanunuzi wengi walikwisha kukimbia, kwa kuwa kuikwepa Kongo yote kulikuwa rahisi kuliko kuchunguza mgodi mmoja mmoja. Wachimbaji wadogo walibaki bila soko, na bunduki hazikunyamaza. Wasomaji wa Chunya wakumbuke pia kwamba Tanzania, kwa kupakana na Kongo, ilikuwa ndani ya orodha ya sheria hiyo, na dhahabu yao ilikuwa miongoni mwa zile zilizopaswa kutolewa maelezo ingawa wilaya yao haikuwa na vita.

Upo mfano mwingine, nao unauma zaidi, kwa sababu waliopigania kampuni ijitoe walikuwa na hoja ya haki. Talisman Energy ya Kanada ilikuwa na asilimia 25 ya mradi wa mafuta nchini Sudan wakati vijiji vya kusini vikihamishwa kwa mabomu ili visima viwe salama. Baada ya shinikizo la miaka kadhaa, likiwamo la wawekezaji waliouza hisa zao, kampuni ilijitoa mwaka 2003 kwa kuiuzia sehemu yake kampuni ya Serikali ya India. Mafuta yakaendelea kutoka, mapato yakaendelea kwenda Khartoum, na kiti cha Talisman akakikalia mtu ambaye wanahisa wa Toronto hawakuwa na sauti kwake.

Nasema haya bila nia ya kuwatafutia udhuru wanaofadhili vita, na hapa ndipo ninapoungana kwa nguvu zote na wenzangu wa Mbeya. Mwaka 2005 AngloGold Ashanti, ambayo sisi tunaifahamu kwa mgodi wa Geita, ilikiri kwamba fedha zake, dola 8,000, zililipwa kwa kundi la wanamgambo la FNI huko Mongbwalu, mkoani Ituri, kundi ambalo wakati huo lilikuwa na damu za raia mikononi. Miongoni mwa wanahisa wakubwa wa kampuni hiyo ni shirika linalowekeza pensheni za watumishi wa umma wa Afrika Kusini, PIC. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Oktoba 2004, katika mji wa Kilwa ulio kando ya Ziwa Mweru, jeshi la Kongo liliua watu zaidi ya 70 wakati wa kuzima uasi mdogo, na magari ya kampuni ya Anvil Mining yalitumika kuwasafirisha askari. Kampuni ilijitetea kuwa haikuwa na hiari, na mahakama ya kijeshi iliwaachia wafanyakazi wake mwaka 2007. Hata hivyo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliitia hatiani Serikali ya Kongo mwaka 2017 na kuitaka iwalipe fidia wahanga. Dola elfu nane ni fedha ndogo katika hesabu za kampuni ya dhahabu, lakini kwa kikundi chenye silaha ni chakula na risasi za siku nyingi.

Sisi Watanzania tuna sababu yetu ya pekee ya kuwa wakali katika hili. Tarehe 7 Desemba 2017 askari wetu wasiopungua 14 wa kulinda amani waliuawa Semuliki, Kivu Kaskazini, katika shambulio moja. Askari hao walikuwa watumishi wa umma kama sisi. Itakuwa aibu isiyo na kifani fedha iliyokatwa kwenye mshahara wa mtumishi mmoja ipite katika kampuni fulani hadi ifike kwa mtu anayemlenga mtumishi mwingine.

Nyanda za Juu Kusini zina historia yao ya kukataa biashara mbaya bila kumtosa jirani. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi Rhodesia mwaka 1965, shaba ya Zambia ilikuwa ikipita kwenye reli za utawala wake. Zambia na Tanzania hazikuacha biashara ya shaba, bali zilijenga njia isiyomnufaisha mkandamizaji: bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860, inayopita Makambako, Mbeya na Tunduma, ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Mfanyakazi wa Zambia hakuachwa bila kazi kwa kosa la Smith.

Kanuni ninayoipendekeza inafuata njia hiyo, na haihitaji kubuniwa upya. Mfuko wa pensheni wa Serikali ya Norway, unaomiliki takriban asilimia 1.5 ya hisa zote zilizoorodheshwa duniani, una Baraza la Maadili tangu 2004. Mwaka 2005 mfuko huo uliitoa katika uwekezaji wake kampuni ya Marekani ya Kerr-McGee kwa sababu ilikuwa ikitafuta mafuta katika bahari ya Sahara Magharibi kwa kibali cha Moroko, na kampuni ilipoachana na kazi hiyo, mwaka 2006 ikarudishwa. Uzuri wa utaratibu huo ni kwamba sababu za kutolewa hutangazwa, kampuni ikajua ilichokosea na ikajua pia kwamba mlango wa kurudi upo. Kampuni inayotolewa kwa sababu ya nchi iliyomo haina cha kujirekebisha.

KLP, mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali za mitaa wa nchi hiyohiyo, nao uliuza hisa zake za Adani Ports ya India mwezi Juni 2021, kwa kuwa kampuni hiyo ilikuwa ikijenga kituo cha makontena Yangon kwenye ardhi iliyokodishwa kutoka kampuni ya jeshi la Myanmar. Adani Ports ilikamilisha kujiondoa Myanmar mwaka 2023. Naitaja kwa sababu ndiyo kampuni ambayo tangu mwaka 2024 ina mkono katika uendeshaji wa gati za makontena za Bandari ya Dar es Salaam, na maswali ambayo watumishi wa halmashauri za Norway waliyauliza kuihusu si maswali ya watu wa mbali tena.

Kwa hiyo ninaiomba Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ndiyo inayotoa miongozo ya uwekezaji wa mifuko hii, iongeze kifungu kuhusu kampuni zinazofanya kazi katika maeneo yenye vita. Kifungu hicho kiitake mifuko ichunguze kama kampuni inalipa makundi yenye silaha, inayapa usafiri au ardhi, au inanunua bidhaa bila kujua zilikotoka. Panapokuwa na dalili, mfuko utumie kwanza sauti yake ya mwanahisa, kwa barua na katika mkutano mkuu wa mwaka, na upewe muda wa kusubiri majibu. Kuuza hisa kuwe hatua ya mwisho, na kufanyike kwa utaratibu usiomtia hasara mwanachama, maana mdhamini wa fedha za wengine hana ruhusa ya kuzitupa hata kwa jambo jema. Sababu zichapishwe kwa Kiswahili mahali ambapo mwanachama wa Ludewa anaweza kuzisoma kwenye simu yake, pamoja na orodha ya kampuni zote ambazo mfuko una hisa.

Wawakilishi wa wafanyakazi walioko katika bodi za wadhamini hawana haja ya kukisubiri kifungu hicho ndipo waanze. Waitake PSSSF, katika mkutano mkuu ujao wa wanahisa wa CRDB, iuombe uongozi ueleze benki inatumia utaratibu gani kuhakikisha kwamba mkopo unaotolewa Lubumbashi hauishii mikononi mwa mtu mwenye silaha, na majibu yatakayotolewa yaingizwe katika taarifa ya mwaka ya mfuko ili sisi wenye fedha tuyasome na kuyapima.

Mwalimu na mwanachama wa PSSSF,
Mbeya