Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasilisha taarifa ya shughuli za chama chetu kwa mwaka 2025. Mhazini atasoma hesabu baada yangu, naye katibu ana orodha ya wanachama wapya, kwa hiyo hayo mawili nawaachia wenyewe. Mimi nitaeleza tulichokiona angani na namna tulivyokiona, kisha nitaleta ombi moja mlipigie kura.

Mwaka ulianza na Mirihi. Januari 16 Dunia ilipita katikati ya Jua na Mirihi, na siku chache kabla ya hapo sayari hiyo ilikuwa imetukaribia hadi kilomita milioni 96. Huko bado ni mbali, maana mwaka 2003 ilifika kilomita milioni 56. Ndiyo sababu wengi walipochungulia mara ya kwanza waliona kidoa cha rangi ya chungwa na si zaidi. Waliorudi usiku baada ya usiku ndio walioona weupe wa barafu kwenye ncha ya kaskazini, na baadaye doa jeusi la Syrtis Major. Siku ya Mirihi inaizidi yetu kwa karibu dakika 40, hivyo anayetazama saa ile ile kila usiku huonyeshwa karibu uso ule ule, ukihama kidogo tu. Kuumaliza mzunguko wote kwa mtindo huo huchukua zaidi ya mwezi mmoja. Asiyejua jambo hili hudhani darubini yake ina kasoro.

Februari na Machi ilikuwa zamu ya Zuhura. Kadiri ilivyoingia kati yetu na Jua ilizidi kuwa kubwa na kukonda kwa wakati mmoja, hadi ikawa hilali nyembamba iliyoonekana hata kwa darubini ndogo kabisa. Galileo, mwanaastronomia wa Italia, alizifuatilia awamu hizo mwishoni mwa 1610 na kupata ushahidi kwamba Zuhura hulizunguka Jua. Kisha Agosti 12, kabla ya mapambazuko, Zuhura na Mshtarii zilikaribiana kwa chini ya nyuzi moja, zikaenea pamoja ndani ya lenzi moja ya ukuzaji mdogo: moja nyeupe isiyo na alama yoyote, nyingine na miezi yake pembeni.

Lakini mwaka huu ulikuwa wa Zohali, na hapa naomba subira yenu. Machi 23 Dunia ilivuka bapa la pete zake, tukawa tunazitazama kwa ukingo. Siku hiyo hakuna aliyefaidi kwa sababu Zohali ilikuwa karibu mno na Jua. Ilipojitokeza tena, na hasa kuanzia Septemba 21 ilipokuwa inaonekana usiku kucha, pete zilikuwa zimelala kama uzi uliopitishwa katikati ya sayari. Mwishoni mwa Novemba mwinamo wake ulishuka hata chini ya nusu ya nyuzi moja. Baadhi ya wanachama wapya walisikitika, kwa kuwa walikuja wakitarajia pete pana za kwenye picha. Ninawaelewa, ila nashikilia kwamba wameanza katika mwaka bora kuliko yote. Pete hizo zina upana wa takriban kilomita 270,000 kutoka ukingo hadi ukingo, na unene wake mahali pengi ni makumi ya mita tu. Wembamba huo hauonekani pete zikiwa wazi. Huonekana zinapokaribia kutoweka. Galileo alishangaa zilipompotea mwaka 1612, na maelezo sahihi yalipatikana mwaka 1659, mwanaastronomia Mholanzi Christiaan Huygens alipotangaza kwamba ni pete isiyogusa sayari mahali popote. Anayetaka pete pana atazipata: zitazidi kufunguka kila mwaka hadi 2032. Michoro ya wanachama ya Julai hadi Novemba imebandikwa ukutani, na ukiitazama kwa mfuatano utaona pete zikikonda kwa mkono wa binadamu aliyekuwa pale.

Sasa kuhusu vifaa. Maboksi mengi ya darubini za wanaoanza huahidi ukuzaji wa mara 500 na zaidi. Msiyaamini. Ukuzaji ni urefu wa fokasi wa darubini, yaani umbali kutoka kwenye kioo hadi mwanga unapokutana, ugawanywe kwa ule wa lenzi ya jicho, ile unayochungulia. Darubini ya kioo cha milimita 114 na fokasi ya milimita 900 ikiwa na lenzi ya milimita 25 hukuza mara 36, na ikiwa na ya milimita 10 hukuza mara 90. Kikomo chenye manufaa ni takriban mara mbili ya kipenyo cha kioo kwa milimita, yaani kama mara 228 hapa, tena katika usiku ambao hewa imetulia. Usiku mwingi hauruhusu kiasi hicho, na ukilazimisha unapata ukungu mkubwa zaidi.

Kilichobadilisha matokeo yetu mwaka huu hakikununuliwa. Tulitoa darubini nje mapema, zikae nusu saa hadi saa nzima zipoe, maana kioo chenye joto huvurugiwa taswira na hewa inayopanda mbele yake. Tuliacha kutazama juu ya mapaa yaliyochomwa na jua mchana, na tulisubiri sayari ipande juu, ambako mwanga wake unapita kwenye hewa kidogo. Tukajifunza pia kukaa na jicho kwenye lenzi. Hewa hutulia kwa sekunde moja mbili, mikanda ya Mshtarii ikaonekana wazi, kisha ikavurugika tena. Mwenye haraka haioni sekunde hiyo.

Upigaji picha unategemea sekunde hizo hizo. Njia iliyotufaa ni kufunga simu kwa kishikio mbele ya lenzi ya jicho, kupunguza mwanga hadi alama za sayari zionekane, kurekodi video, kisha kuipa programu ya bure kama AutoStakkert ichague fremu kali, yaani picha moja moja za video zilizo wazi zaidi, na kuzipanga moja juu ya nyingine. Fremu 100 zikiunganishwa, chengachenga za picha hupungua hadi sehemu ya kumi. Video ya Mshtarii isizidi dakika tatu hivi, kwa sababu sayari hiyo hujizungusha kwa saa 9 na dakika 55, na alama zake huhama wakati bado unarekodi. Ombi langu binafsi: chora kwanza, ndipo upige picha. Picha zetu bora za mwaka zilitoka kwa watu waliokwisha kujua watafute nini.

Kuhusu usalama silegezi neno. Anayetafuta Utaridi au Zuhura jioni asubiri Jua lizame lote, na wa alfajiri aache kabla halijachomoza. Vichujio vya Jua vinavyofungwa kwenye lenzi ya jicho vinaweza kupasuka kwa joto jicho likiwa pale pale. Mwenye navyo avitupe.

Nafika kwenye ombi. Lipo pendekezo la kununua darubini moja kubwa ya chama. Mimi na wengi wa kamati tunalipinga. Darubini moja ina jicho moja kwa wakati, na nyumbani kwa wanachama zimelala darubini nzuri kwa sababu stendi zake zinatikisika au zina lenzi moja dhaifu. Tunaomba fedha hizo zinunue stendi imara, lenzi za jicho za ukuzaji wa kati na lenzi za Barlow, zile zinazowekwa kabla ya lenzi ya jicho kuongeza ukuzaji, viazimwe kwa zamu.

Mirihi haitatukabili vizuri tena hadi Februari 2027, lakini Januari 10, 2026 Mshtarii itakuwa mkabala na Jua na kuonekana usiku kucha, ikiwa angavu kuliko nyota zote. Mkilikubali ombi, vifaa vya kwanza vitakuwa tayari kwa usiku huo. Daftari la kuazima liko kwa katibu, na kura inapigwa mara tu mhazini atakapomaliza kusoma hesabu.

Mwenyekiti