Huduma zielezwe kwanza, ndipo mifumo ya ushirika isomane

Ndugu Mhariri,

Katika kila kikao cha wadau wa kakao ninachohudhuria huku Kyela na Rungwe, agizo ni lile lile kwamba mifumo ya kompyuta isomane, yaani ibadilishane taarifa yenyewe kwa yenyewe. Agizo hilo ni jema, lakini tumekimbilia kuunganisha kabla ya kukubaliana kinachounganishwa ni nini, na gharama ya haraka hiyo inamwangukia karani wa chama cha msingi cha ushirika pamoja na mkulima wake.

Kakao inayouzwa kwa stakabadhi ghalani hupita mikono mingi. Chama hupima na kuandika kilo, mwendesha ghala hupokea mzigo na kutoa stakabadhi, bei hupatikana mnadani, mnunuzi hulipa, benki huhamisha fedha, na wapo wakulima wanaopokea chao kwa simu. Kila mmoja ana programu yake na bosi wake, wala hakuna anayeweza kumwamuru mwenzake abadilishe chochote. Hali kama hiyo ndiyo iliyolengwa na modeli rejea ya usanifu wa mifumo kwa misingi ya huduma, ambayo shirika la viwango la OASIS liliipitisha Oktoba 2006. Kwa mujibu wa modeli hiyo, huduma ni njia ya kuufikia uwezo fulani, ambao huenda ukawa mikononi mwa mmiliki mwingine kabisa, kupitia kiolesura (mahali mifumo miwili inapokutana) kilichopangwa na kwa kufuata masharti na sera zilizotajwa katika maelezo ya huduma. Modeli haimfungi mtu kwenye teknolojia yoyote, kwa kuwa kazi yake ni kuwapa wahusika msamiati mmoja kabla fundi hajaandika hata mstari wa programu.

Ninachokithamini zaidi ndani ya modeli ya OASIS ni msisitizo wake kwamba anayeomba huduma anatafuta matokeo katika ulimwengu halisi. Kwa mkulima wa Kyela, matokeo ni salio kuongezeka, tena mara moja tu. Msimu uliopita, katika chama kimoja ninachokisaidia mambo ya TEHAMA, mtandao ulikatika wakati orodha ya malipo inatumwa, na skrini ikaandika "Ombi halikufanikiwa". Karani akabonyeza kutuma tena, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Baadhi ya wakulima wakalipwa mara mbili, na viongozi wakabaki kupita nyumba kwa nyumba wakiwabembeleza warudishe fedha. Kampuni iliyouza programu ilijibu kwamba tatizo ni la mtandao.

Jibu hilo silikubali. Mtandao kukatika katika nyanda hizi, hasa kipindi cha mvua, ni jambo la kawaida ambalo mtengenezaji alipaswa kulitarajia. Programu ile haikuwa na haki ya kutamka kwamba ombi halikufanikiwa, maana ilichokijua ni kwamba jibu halijarudi. Huenda ombi halikufika, na huenda lilifika, likatekelezwa, kisha jibu likapotea njiani. Aliyetuma hana namna ya kutofautisha hayo mawili kwa kuangalia ukimya peke yake. Dawa yake wataalamu wanaijua siku nyingi: kila ombi libebe namba yake ya pekee, na upande unaolipa ukikutana na namba uliyokwisha kuishughulikia, urudishe jibu la awali bila kulipa upya. Namba hiyo, hata hivyo, haina faida ikiwa upande wa pili haujaahidi kuitambua na kusema utaitunza kwa muda gani, na ahadi hiyo mahali pake ni ndani ya maelezo ya huduma. Nilipoomba kuyaona maelezo hayo, nilipewa kijitabu cha picha za vitufe.

Modeli inataja pia masharti matatu ya pande mbili kuonana: kila upande ujue kwamba mwenzake yupo, uwe tayari kushughulika naye, na uweze kumfikia. Sisi tunahangaika na hilo la mwisho tu, tukisahau kwamba benki inayofikika inaweza kukataa malipo yaliyozidi kiwango au yaliyotumwa usiku.

Wapo watakaosema kwamba haya yanachelewesha kazi. Kwa chama chenye programu moja ndani ya ofisi moja, nakubaliana nao. Panapokuwa na fedha zinazovuka kutoka kwa mmiliki mmoja kwenda kwa mwingine, nawaomba maofisa ushirika na wanaoandaa zabuni waweke sharti kwamba maelezo ya kila huduma yaandikwe kwa Kiswahili ambacho karani ataelewa, yasainiwe na pande zote, na yaseme wazi matokeo ni yapi, nani anayathibitisha, na nini kinatokea ombi likirudiwa. Siku ya makabidhiano, kebo ya mtandao ichomolewe katikati ya malipo ya majaribio, bodi ikishuhudia, na muuzaji asilipwe awamu ya mwisho mpaka hesabu za pande zote zilingane.

Mdau wa ushirika,
Mbeya