Barua kwa mwanangu anayetafsiri mahubiri ya zamani

Mwanangu mpendwa,

Rasimu yako nimeimaliza jana usiku. Kiswahili chako kimekomaa, na baba yako nimemwambia hivyo hivyo. Ila ukurasa wa tatu ulinikosesha usingizi. Mhubiri wako, Mwingereza wa miaka ya 1760, anasema uwepo wa Mungu ni "awful", nawe umeandika "uwepo mbaya mno wa Mungu". Hakuna mhubiri wa zama zile ambaye angepanda mimbari akatamka jambo hilo. Nawe moyo ulikuambia, maana pembeni uliweka alama ya kuuliza kwa penseli.

Sikulaumu kwa uvivu. Kamusi uliifungua. Lakini kamusi yako ni ya juzi, na huyo unayemtafsiri alikufa zaidi ya miaka 200 iliyopita. Fungua kamusi ya Kiingereza ya Samuel Johnson, iliyotoka London tarehe 15 Aprili 1755. Siku hizi iko mtandaoni, haina malipo. Humo "awful" ni kitu kinachomjaza mtu kicho na heshima. Kicho! Neno tunalo, tunalisoma kila mara katika Waebrania, "kwa unyenyekevu na kicho", nawe umelipita.

Ukiwa humo humo, tazama "condescension". Wewe umeandika kwamba Kristo alitudharau. Kwa Johnson neno hilo ni sifa njema: aliye juu kujishusha kwa hiari yake, akakaa sawa na walio chini. Maana ya dharau ndiyo iliyolikamata leo, lakini ukiipeleka kwa mhubiri huyu umempindua kabisa. Na pale anapowaonya waumini dhidi ya "enthusiasm", hawaonyi dhidi ya shauku au bidii. Johnson anaieleza kuwa ni imani batili ya mtu kwamba Mungu amemfunulia mambo yeye peke yake. Hofu hiyo ilikuwa kubwa Uingereza wakati ule, na aya yako nzima imesimama juu ya hofu hiyo.

Sisi wenyewe tumepitia hayo. Mtu akiletewa barua ya zamani ya pwani yenye neno "bibi", akadhani inamtaja mama mzaa mama, atapotea. Mwandishi alikuwa akimtaja mwanamke wa heshima, mwenye nyumba yake. Maneno huhama nyumba.

Kinachonifanya nimwamini Johnson ni namna alivyofanya kazi. Mkataba na wauza vitabu aliutia saini mwaka 1746, akidhani miaka 3 itatosha. Ilipita karibu 9. Katika nyumba yake ya Gough Square, London, alisoma vitabu, akapigia mstari neno alilolitaka, na wasaidizi wake 6 wakanakili sentensi nzima kwenye vipande vya karatasi. Mkewe alifariki mwaka 1752, kazi haijaisha. Alipomaliza, maneno yalikuwa zaidi ya 42,000 na mifano kama 114,000 kutoka kwa waandishi. Alianza akitaka kukiwekea Kiingereza mipaka kisibadilike. Katika dibaji anakiri kwamba mwandishi wa kamusi anayedhani anaweza kuihifadhi lugha kama maiti iliyopakwa dawa anastahili kuchekwa. Napenda sana ukweli wake huo.

Kwa hiyo mifano isome kabla ya maelezo. Maelezo yake mengine yana makosa: neno "pastern" alilieleza kuwa ni goti la farasi, ilhali ni sehemu iliyo juu kidogo ya kwato, na mwanamke mmoja alipomuuliza sababu alijibu kwamba ni ujinga mtupu. Mfano wa mwandishi wa zamani, ukiusoma wote, hukuonyesha neno likiwa kazini, nawe utapima mwenyewe.

Pale mhubiri anaponukuu Biblia ya Kiingereza ya 1611, wala usihangaike na kamusi kwanza. Chukua Biblia ya Kiswahili. 1 Wathesalonike 4:15 kwa Kiingereza kile ina "prevent", nawe umeandika kwamba walio hai hawatawazuia waliolala. Yetu inasema "hatutawatangulia". Watafsiri wetu walijua kwamba neno lile zamani lilimaanisha kutangulia. Johnson naye ameiweka maana hiyo mbele, na maana ya kuzuia ameiweka mwishoni.

Nirudishie ukurasa wa tatu na wa nne kabla ya Ijumaa. Ukurasa wa saba kuna "candid", ambalo umelitafsiri "asiyeficha neno". Usilifute bado. Soma Johnson anasemaje, kisha soma aya ile kwa sauti, uone kama mhubiri anamsifu msikilizaji kwa ukali wa ulimi au kwa moyo usio na kinyongo.

Nakupenda,
Shangazi yako