Kamati za shule, pimeni kabla ya kusaini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na kamati za ujenzi za shule za Arusha na Kilimanjaro, pamoja na walimu wakuu na wazazi walio kwenye kamati hizo. Tunaoandika ni mwalimu wa elimu maalumu na fundi sanifu wa majengo. Ombi letu ni kwamba darasa jipya lisipokelewe mpaka kamati yenyewe imepima na kuridhika kuwa mtoto mwenye ulemavu ataweza kuingia humo, kusikia, kuona ubao na kwenda chooni bila kubebwa.

Kwa upande wa sheria hatuna upungufu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikapitishwa mwaka 2010. Ramani nyingi za madarasa siku hizi zinakuja na rampu imeshachorwa. Mambo huharibika saiti. Kwa kuwa shule zinajengwa kwa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, shule yenyewe ikinunua vifaa na kumlipa fundi, anayepokea kazi ya fundi ni kamati, yaani mzazi, mwalimu na mjumbe wa serikali ya kijiji, na hao mara nyingi hakuna aliyewaambia wapime nini. Rampu huachwa iwe kazi ya mwisho. Saruji imebaki mifuko miwili, basi fundi anamwaga kipande kifupi kinachopanda kama paa la nyumba. Kwenye picha za makabidhiano rampu inaonekana ipo, lakini mtoto wa kitimwendo hawezi kuipanda, na wenzake wakimsaidia kushuka anaweza kupinduka kifudifudi.

Kipimo ni hiki: kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Sakafu iliyo juu ya ardhi kwa sm 45, yaani ngazi tatu za sm 15, inahitaji rampu ya mita 5.4. Ikiwa sm 60, rampu ni mita 7.2. Tunajua watu hushtuka wakisikia urefu huo. Ndiyo maana, kabla ya kumwaga zege lolote, angalieni kwanza mlango ulio upande wa mlima. Huku kwetu viwanja vinateremka, na jengo lilelile linaweza kuwa na sm 70 upande wa chini na sm 20 tu upande wa juu. Rampu ya upande wa juu itakuwa mita 2.4 na imekwisha. Uwanja ukiwa mfupi, rampu ikunjwe ifuate ukuta, na kwenye kona pawe bapa, mita 1.5 kwa 1.5, ili kitimwendo kigeuke.

Kupima hakuhitaji mhandisi. Chukueni ubao ulionyooka wa sm 120, ulazeni juu ya rampu kufuata mteremko, wekeni pima maji juu yake, kisha nyanyueni ncha ya chini mpaka kiputo kikae katikati. Pimeni nafasi iliyobaki chini ya ncha hiyo. Isizidi sm 10. Ikiwa sm 20, rampu hiyo irudiwe, hata kama imepakwa rangi. Pimeni chini, katikati na juu, kwa sababu fundi aliyepungukiwa na urefu huwa anaufidia kwenye kipande cha mwisho karibu na mlango, na hapo ndipo mtoto ameshachoka mikono.

Upana wa rampu usipungue sm 120. Pembeni pawe na kingo ya sm 10, la sivyo gurudumu dogo la mbele linatoka nje. Juu, mbele ya mlango, paachwe bapa ya mita 1.5, kwani mlango ukifungukia nje mtoto lazima apate pa kurudi nyuma bila kuserereka. Msipige niru, yaani saruji laini ya kung'arisha. Niru inapendeza ikiwa kavu, lakini mvua za masika zikianza inateleza vibaya. Zege likiwa bado bichi, lipigwe fagio gumu kwa kukata mteremko, mikwaruzo iende kulia na kushoto. Na rampu isiishie kwenye tope. Wengine humwaga kokoto hapo, lakini magurudumu madogo huzama kwenye kokoto kuliko hata kwenye udongo. Wekeni njia ya zege au matofali yaliyobanana mpaka getini na mpaka chooni. Rampu ya mita 5.4 iliyojazwa mawe na moramu, yenye zege la sm 10 juu na kuta za pembeni, hula saruji kama mifuko 8 hadi 10. Iandikwe kwenye makadirio tangu siku ya kwanza, isisubiri masalio.

Ngazi nazo zisisahaulike. Katika maeneo ya Arumeru kama Maji ya Chai, ambako floridi nyingi kwenye maji imeathiri mifupa ya watoto kwa muda mrefu, wapo wanafunzi wenye miguu iliyopinda ambao hawatumii kitimwendo. Hao wanahitaji ngazi isiyozidi sm 15 na reli ya kushika. Ngazi za sm 20 na zaidi, moja ndefu moja fupi, zinawaangusha.

Mlango upimwe ukiwa wazi, kutoka kwenye ubao wa mlango hadi fremu ya upande wa pili: sm 80 kwa uchache, sm 90 ni bora. Fundi akisema "mlango wa tisini" mara nyingi anataja fremu, na unene wa mlango pamoja na bawaba hula sentimita kadhaa. Choo kinataka nafasi tupu ya mita 1.5 kwa 1.5, mlango unaofungukia nje (mtoto akianguka ndani mlango usimzuie anayekuja kumwokoa), kiti chenye kimo cha sm 45 hivi, na bomba la chuma la inchi 1 la kushikilia, lililofungwa kwa bolti ndani ya zege. Maji yawe ndani ya choo hichohicho, hasa kwa ajili ya wasichana. Na kisigeuzwe stoo ya mafagio, ufunguo ukabaki ofisini.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo karibu kamati zote hazilipimi, nalo ni sauti. Darasa la bati lisilo na dari, mvua ikinyesha, halifundishiki. Kwa mtoto mwenye shimesikio, kifaa cha kumsaidia kusikia, hali ni mbaya zaidi, maana kifaa kinakuza kelele za bati pamoja na sauti ya mwalimu. Kwa mtoto mwenye usonji, ambaye ubongo wake hupokea sauti na mambo mengine kwa namna tofauti, kelele hiyo inaweza kuuma kabisa. Anaziba masikio, anapiga mayowe au anakimbia nje, kisha anaadhibiwa kwa utovu wa nidhamu. Dari ya jipsamu au ya mbao inapunguza sana kelele, na tunaomba isiwe kitu cha kwanza kukatwa fedha zinapopungua. Wakati dari haijapatikana, mwalimu aandae kazi ya kimya ya siku ya mvua, iliyoandikwa tayari kwenye karatasi. Miguu ya viti na madawati ivishwe vipande vya tairi kuukuu ili visikwaruze sakafu. Kengele ya rimu ya gari itundikwe mbali na dirisha la darasa la watoto hao, na wao waambiwe dakika moja kabla haijagongwa.

Mwanga vilevile. Mwalimu asisimame akiwa na dirisha mgongoni. Anayesoma midomo yake ataona kivuli tu. Ubao unaong'aa upakwe upya rangi ya ubao isiyometa. Mtoto mwenye ualbino akae mbele, mbali na jua la dirishani, na aruhusiwe kuusogelea ubao kila anapohitaji. Mitihani yake ichapwe kwa herufi za ukubwa wa 18 au zaidi. Kuikuza karatasi ya A4 kuwa A3 kwenye mashine ya fotokopi hugeuza herufi za 12 kuwa kama 17 tu, na karatasi yenyewe inakuwa kubwa kuliko dawati. Afadhali kuchapa upya kwa 20 kwenye A4.

Wapo wanafunzi ambao ulemavu wao hauonekani, na hapa tunaona watoto wengi wakipotea kimyakimya. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na uvivu wala akili ndogo, anaweza kujifunza silabi, akazisoma bila makosa mengi, akapita KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu). Dalili yake ni kasi. Yuko darasa la nne na bado anasoma ta-za-me-ni, silabi moja moja, anaruka mstari, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Ukimsomea swali lilelile kwa mdomo anajibu vizuri. Akiingia kidato cha kwanza, masomo yakawa kwa Kiingereza ambacho herufi zake hazifuati sauti, anaanguka ghafla na kila mtu anashangaa. Mwalimu wa darasa la tatu na la nne ndiye anayeweza kumtambua: amsomeshe aya fupi, kisha amuulize maswali ya mdomo, alinganishe. Akimtambua, asimnakilishe ubao mzima. Ampe karatasi yenye maelezo, ampe kadi yenye tundu la mstari mmoja ili macho yasiruke, na apokee majibu ya mdomo. Kumbukumbu hizo zihifadhiwe, kwa sababu Baraza la Mitihani huongeza muda kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, lakini shule isipotoa taarifa mapema hakuna atakayejua.

Kwa mwenye usonji au asiyetulia, ratiba ya picha ndiyo msaada wa kwanza. Kateni maboksi vipande vya sm 10 kwa 10, choreni shughuli tano au sita za siku, zitundikwe kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na kila shughuli ikiisha kadi igeuzwe. Inashindwa pale ratiba inapobadilika, mkaguzi amekuja au kuna kikao, na kadi haikubadilishwa. Mtoto haiamini tena. Maagizo yatolewe moja moja, kisha mwalimu asubiri hadi sekunde 10 kabla ya kurudia, kwani kurudia haraka kunamlazimu mtoto kuanza upya kuyachambua. Kona tulivu ya mkeka mmoja inatosha hata kwenye darasa la watoto 80. Isitumiwe kamwe kama adhabu, maana ikitumiwa hivyo hata mara moja, mtoto hatakwenda tena mwenyewe anapozidiwa.

Tunawaomba wakurugenzi wa halmashauri za Arusha, Meru na Moshi waongeze ukurasa mmoja kwenye fomu ya mapokezi: mteremko wa rampu, upana wa mlango, nafasi ya choo, dari. Kila kipimo kiandikwe kwa tarakimu. Chuo cha Ualimu Patandi, kinachofundisha walimu wa elimu maalumu, kipo Tengeru, na TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya watu wenye ulemavu, ipo katika hospitali ya KCMC, Moshi. Utaalamu wa elimu maalumu na wa vitimwendo uko hapahapa kwetu, na halmashauri ziwaombe wataalamu hao wazifundishe kamati upimaji huu. Madarasa mengi humalizwa Desemba ili Januari wanafunzi waingie. Vipimo vichukuliwe fundi akiwa bado saiti na malipo yake ya mwisho hayajatoka, kwa sababu akishaondoka, kuvunja zege na kumwaga upya kunakuwa mzigo wa shule.

Mwalimu wa elimu maalumu na fundi sanifu wa majengo,
Moshi