Barua kwa Mwanakombo: hiyo kamati usiikatae

Bremen, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanakombo,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, watoto wazima, ni baridi tu inatutia adabu. Nisalimie Mama Fauz, nisalimie Bi Time na wajukuu zake wote, na yule mwenye deni langu usimsalimie. Haya, salamu zimekwisha. Nikizifuata kwa utaratibu wa marehemu bibi yangu tutaadhiniwa alfajiri bado naulizia kuku.

Ile sauti uliyonitumia niliisikiliza nikiwa kwenye basi, nikacheka peke yangu mpaka mzee mmoja akahama kiti. Yaani mmekaa mkutano wa hospitali nzima, kila mtu anatazama viatu vyake, matroni akakunyooshea kidole: "Mwanakombo ana mdomo, aingie yeye kamati ya usalama na afya." Na wewe unataka kukataa! Unasema kazi yenyewe ni kuhesabu mitungi ya kuzimia moto na kupiga picha na mkaguzi. Kisha ukaongeza, kwa ile sauti yako ya kubinua mdomo, kwamba ukitaja uchovu na msongo wa mawazo mbele ya wale wanaume wa jenereta na stoo watakucheka, maana hayo ni mambo ya Wazungu walioshiba.

Hapo ndipo nikaona sauti haitoshi, nishike kalamu.

Kwanza hilo la kushiba. Hawakuyafikia haya kwa kushiba, shoga, waliyafikia kwa mazishi. Ufaransa kulikuwa na kampuni ya simu, France Télécom, hii ambayo leo inaitwa Orange. Kati ya 2006 na 2008 wakubwa wake walitaka watu 22,000 waondoke, na wengi hawakufutika kirahisi kwa sababu walikuwa na ajira ya serikali. Basi wakawachosha. Fundi aliyezoea nguzo na nyaya anawekwa kwenye kiti apokee simu za wateja, mwingine anahamishwa kituo kabla hajajua choo kiko wapi. Mkurugenzi mkuu, Didier Lombard, aliwaambia wenzake 2006 kwamba watu wataondoka tu, iwe kwa dirisha au kwa mlango. Watu wakaanza kujiua, wengine kazini kwenyewe. Kesi ikasikilizwa Paris 2019. Mahakama ilipitia habari za wafanyakazi 39, na 19 kati yao walikuwa wamejitoa roho. Desemba ya mwaka huo kampuni ikatozwa faini ya yuro 75,000 na wakubwa wakatiwa hatiani. Januari 2025 mahakama ya juu kabisa ya huko ikakubali kwamba mpango mzima wa kampuni waweza kuwa unyanyasaji, hata kama bosi hakumtukana mtu yeyote uso kwa uso.

Yuro 75,000! Kwa kampuni kama ile ni hela ya chai. Lakini limeandikwa, na likishaandikwa mahakamani...

Huku Ujerumani bima ya ajali za kazini ipo tangu 1884, enzi za Bismarck, kansela wao wa zamani. Kisha 1989 Jumuiya ya Ulaya ikatoa agizo kubwa ambalo kila nchi mwanachama ilibidi iliingize kwenye sheria zake. Wajerumani wakaliingiza 1996. Agizo lenyewe halina maneno mengi: mwajiri apime hatari kabla hazijamdhuru mtu, awashirikishe wafanyakazi, aiondoe hatari inakotoka, na kazi ilinganishwe na mtu. Ila kwa miaka mingi watu walipima vidole na migongo tu, yaani ngazi, sakafu zinazoteleza, dawa za usafi. Mpaka 2013 ndipo sheria ya hapa ikataja waziwazi kwamba mzigo wa akili unaotokana na kazi nao lazima upimwe. Kwa hiyo usiwaone kama walimu. Wako darasani bado, na wengine wanatoroka kipindi.

Sasa lile ninalotaka ulisikie. Hapa kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi walituletea fomu ya hayo mambo ya akili. Mimi nikadhani nitaulizwa kama nina huzuni, kama nalala, kama nimemkumbuka mama. Nikajiandaa kuandika "alhamdulillahi" kila mahali. Wallahi hamna swali hata moja la moyo wangu! Waliuliza: mapumziko yako hukatizwa? Huambiwa hivi na sista na vile na meneja kwa wakati mmoja? Ukizidiwa usiku, yuko wa kumwita, na akiitwa huja? Ratiba ya zamu huijua mapema kiasi gani? Hupigiwa simu siku yako ya kupumzika uje kuziba pengo?

Umeona? Inayopimwa ni kazi. Mimi sipimwi.

Wewe ni nesi, utanielewa kwa sindano. Mtu akijichoma, bosi mjinga huuliza kwa nini mikono yake inatetemeka. Mwenye akili huenda kutazama boksi la sindano lilijaa tangu lini, nani alitakiwa kulibadilisha, na huyo aliyejichoma alikuwa na wagonjwa wangapi saa ile. Ndivyo wanavyotaka na uchovu uulizwe. Na mpango wenyewe hauwi wa bosi peke yake. Mahali penye baraza la wafanyakazi, mwajiri hawezi kuchagua namna ya kupima bila kukubaliana nalo. Baraza hilo huchaguliwa na sisi kwa kura, hata mimi mwenye pasi ya Kenya napiga.

Lipo jambo jingine ambalo sijawahi kuliona kwetu. Kuna usiku tulibaki wawili, mimi na Mpolandi mmoja, kwa kazi ya watu wanne. Kama saa tisa hivi alfajiri mwenzangu akakaa, akachukua karatasi, akaanza kuandika: leo hayupo fulani na fulani, tumeshindwa kumgeuza mzee wa chumba kile kwa wakati, dawa zimechelewa, akianguka mtu sasa hivi hatuna wa kumwinua. Akatia sahihi, akanipa nami nitie. Nikamwambia, dada, kesho tunafukuzwa. Akacheka! Hii hapa inaitwa taarifa ya kuzidiwa. Sheria inamtaka mfanyakazi amwarifu mwajiri akiona hatari kubwa, kwa hiyo kuandika ni wajibu wake, si kumwomba mtu huruma. Nakala moja kwa meneja, moja kwa baraza. Na siku mzee akidhurika, ile karatasi ndiyo itakayosema kwamba mwenye nyumba alijua.

Hatukufukuzwa. Meneja alinuna. Akatuletea kapu la matofaa na ndizi, na tangazo la yoga ya bure kila Alhamisi. Yoga! Baraza likamjibu vizuri sana, kwamba matofaa asante, lakini hatari huondolewa kwanza kwenye chanzo, na chanzo ni ratiba. Wakavutana wee. Mwishowe yakatoka mawili. Kuogesha wazee kukaondolewa zamu ya usiku kukapelekwa mchana, maana tulikuwa tunawaamsha watu wa miaka tisini saa kumi na moja alfajiri, eti waoge kabla ya makabidhiano. Na ikatengenezwa orodha ya wa akiba wanaolipwa kwa kuwa tayari, ili siku yako ya mapumziko simu isilie. Watu hawakuongezwa, usidhani. Lakini tangu hapo siku ya mapumziko nalala bila kuificha simu chini ya mto.

Ndipo namkumbuka Saumu wa wodi ya wazazi. Zamu mbili mfululizo, mara ngapi, na sisi tunamsifu: Saumu chuma. Tuliambiwa mvumilivu hula mbivu. Saumu alikula nini? Alipoacha kazi mkasema amerogwa. Huku mtu akiugua jumla ya wiki sita ndani ya mwaka, mwajiri lazima amwite wazungumze nini kazini kibadilishwe ili arudi bila kuugua tena, na kukataa mazungumzo hayo ni haki ya mgonjwa. Wengine hurudi kwa saa chache kwa siku, wakaongezewa polepole. Saumu angepewa hata nusu ya hayo... basi, tuyaache.

Hapana, hatuyaachi, nitayarudia.

Ila usije ukamwambia mtu nimesema huku ni peponi. Wale wanaosafisha vyumba vyetu wameajiriwa na kampuni nyingine, na ile fomu hawakuiona, ingawa ndoo wanazobeba ni nzito kuliko wazee wetu. Fomu yenyewe ni ya Kijerumani kigumu, kuna waliotia alama bila kuelewa. Sheria inataka saa 11 za kupumzika kati ya zamu na zamu, sekta yetu imeruhusiwa kupunguza mpaka 10 na kuzifidia baadaye, na hiyo "baadaye" tunaijua mimi na wewe. Wageni ndio wanaonyamaza zaidi, kwa hofu ya kibali. Shirika la Umoja wa Ulaya la mambo haya, lililo Bilbao, Hispania, huwauliza waajiri kila baada ya miaka michache wanashughulikiaje hatari kazini. Kikwazo kimojawapo wanachokitaja sana kwenye haya ya akili ni watu kutotaka kuyazungumza waziwazi. Kwa hiyo aibu si ya Mombasa peke yake.

Sasa rudi kwenye kamati yako. Wale wanaume wa stoo wakikucheka usiwatajie Ujerumani kabisa. Watasema umeshaanza. Watajie Kenya. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kamati kila mahali penye watu 20 au zaidi, hilo mnalijua. Ina kurasa kwa kurasa za boila, winchi na minyororo, utadhani Wakenya wote ni wapakizi wa meli. Lakini fungua kifungu cha 76. Kinasema mwajiri achukue hatua ili sehemu ya kazi, vifaa na kazi yenyewe vimfae mfanyakazi na uwezo wake, pamoja na kumkinga na mkazo wa akili. Mkazo wa akili, Mwanakombo! Umo kwenye sheria yetu tangu 2007, miaka sita kabla Wajerumani hawajauandika kwenye yao. Umekaa humo kimya, hakuna anayeugusa. Mtu akisema ni mambo ya Wazungu mpe karatasi aisome kwa sauti.

Na usianze na neno msongo, utawapoteza. Anza na ratiba. Omba ratiba za zamu za wodi tatu za miezi iliyopita, uzipange mezani pamoja na kitabu cha ajali: sindano, kuanguka, dawa kukosewa, ndugu wa mgonjwa kumpiga nesi kofi. Tazama tu zimeangukia saa ngapi, na zamu zipi. Hapo hata wa jenereta ataelewa, yeye mwenyewe hulala kwenye godoro nyuma ya mtambo. Fatma wa Malmö aliniambia Uswidi kuna kanuni iliyoanza 2016: kazi zikizidi muda, mkubwa ndiye anayetakiwa kusema lipi lifanywe kwanza na lipi liachwe. Mimi hiyo naipenda kuliko zote. Matroni aandike kwa mkono wake, leo mko wawili, basi hili msilifanye. Kwetu huachiwa nesi aamue, na likiharibika ni lake.

Waingereza wao hutazama mambo sita tu: wingi wa kazi, uhuru wa kuamua uifanyeje, msaada unaopata, mnavyoishi na wenzako, kama unajua hasa kazi yako ni ipi, na mabadiliko yanavyoletwa. Yaandike nyuma ya daftari lako. Maswali ya fomu yetu nitakutafsiria nikipata wikiendi, ila usiyaige yote. La simu siku ya mapumziko usiliache, najua matroni wenu.

Hebu nijibu basi. Kamati ina wangapi, na nani amewekwa upande wa menejimenti? Isiwe yule Shee! Chama chenu kimesema lolote au kimelala? Wafagiaji na walinzi wana mtu humo? Kitabu cha ajali kipo kweli, ama ni kile kilichokuwa kikishikilia mlango wa famasi? Saumu yuko wapi siku hizi, ana simu? Ungemuuliza, kwa upole, kama angekubali kuja kuwaeleza siku moja, au ni mapema? Na mkutano wa kwanza ni lini, maana nataka nipige siku hiyohiyo jioni nisikie nani alinuna.

Mtoto wa Bi Time amenitumia ujumbe, anataka kuja huku kwa mpango wa ajira uliotiwa sahihi na serikali mbili 2024. Mwambie asitie sahihi mkataba wowote kabla sijauona, na aanze Kijerumani leo, asingoje viza.

Wako,
Riziki

Yale mafuta ya nazi yamefika, chupa moja imevuja ndani ya kanga. Nani aliyeifunga?