Umeme wa moyo nao unarithiwa

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Juzi mzee wangu wa miaka 74 kapimwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, karatasi ikatoka na vile vimistari vyake vya milima na mabonde, daktari akaiangalia chapchap akasema "ni uzee tu huo", basi tukarudi nyumbani. Sawa, uzee upo, zile seli zinazoanzisha mapigo zinapungua umri unavyoenda, hilo sikatai. Ila mbona hakuna aliyeuliza habari za ukoo? Baba yake alikuwa anazimia zimia bila sababu na mdogo wake alifariki ghafla usingizini, hiyo si ya kupita hivi hivi jamani.

Maana kwenye ile karatasi kuna kipande kinaitwa QT, yaani muda ambao vyumba vya chini vya moyo vinapiga halafu vinajichaji upya, na jeni kama KCNQ1, KCNH2 na SCN5A ndo zinatengeneza vijimlango vya kupitisha potasiamu na sodiamu kwenye seli. Mlango ukiwa na hitilafu ya kurithi QT inaweza kurefuka, na hiyo ndo inaweza kumfanya mtu azimie au afe ghafla, ila mwingine anaishi nayo miaka na miaka hajui kitu, mpaka uzeeni anapoanza kumeza dawa za kila aina, na zingine zinairefusha zaidi, hata antibayotiki kama erithromaisini. Dawa za kukojosha zikishusha na potasiamu ya damu, ndo balaa kabisa.

Madaktari wetu, ulizeni basi nani kwenye familia alianguka ghafla, swali lenyewe halimalizi hata dakika mbili.

Msomaji wenu wa siku nyingi