Msilipitie ziwa mkielekea kwa simba

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na Watanzania wenzetu ambao siku hizi wanachangishana, wanakodi gari na kwenda kulala kwenye mahema Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Ni jambo la kupongezwa, na kiingilio cha mwananchi kinacholipwa kwa shilingi kinalirahisisha. Kasoro iko kwenye ratiba. Nyingi tunazoziona zinampa simba siku 3 na ziwa nusu saa, tena saa 7 mchana, watu wakiwa na maboksi ya chakula mapajani. Kisha wanarudi mjini na kutangaza kwamba Manyara hakuna kitu.

Manyara ni hifadhi nyembamba, imebanwa kati ya ukuta wa Bonde la Ufa upande wa magharibi na ziwa upande wa mashariki. Ukiwa barabarani asubuhi na kulitazama ziwa, jua linakupiga usoni na kila ndege anageuka kivuli cheusi. Kwa hiyo asubuhi ni ya msituni: nyani, tembo, hondohondo juu ya miti. Ziwa lifuatwe kuanzia saa 9 alasiri, jua likiwa mgongoni mwako. Msichelewe sana, kwa sababu ule ukuta hulificha jua kabla halijatua. Adhuhuri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Hewa juu ya magadi hutetemeka kwa joto, na hata darubini ya bei haikuonyeshi zaidi ya mstari wa waridi unaochezacheza. Kuhusu darubini, ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye kioo cha mbele cha milimita 42, inatosha kabisa. Ile ya 10 au 12 inakuza zaidi, lakini mkono ukitikisika kidogo tu, picha nayo inaruka. Na dereva azime injini. Watu wengi hulaumu darubini zao kumbe ni gari linalonguruma.

Sasa heroe, au flamingo kama wengi wanavyosema. Ndege huyu hana ziwa moja analoliita kwao. Heroe mdogo, mwenye mdomo mwekundu uliokolea unaokaribia weusi, hula hasa mwani mdogo sana unaostawi kwenye maji ya magadi. Huinamisha kichwa hadi mdomo unakuwa juu chini, huvuta maji na kuyachuja. Mvua ikizidi, magadi huzimuliwa, mwani hupungua, na maelfu ya ndege huhama usiku kwenda ziwa jingine. Ukame nao ukizidi, Manyara hunywea, kwa kuwa kina chake ni kifupi, na ukingo wa maji husogea mbali na barabara. Picha ya mwaka juzi si ahadi. Heroe mkubwa ni mrefu zaidi, hufika hata mita 1.4, mdomo wake ni waridi wenye ncha nyeusi, naye hutafuta vijidudu matopeni, ndiyo maana unaweza kumkuta mahali ambapo mdogo ameshaondoka. Wote wawili huhitaji maji baridi, yaani yasiyo na magadi, ya kunywa na kuoga. Watafuteni pale kijito au chemchemi inapoingia ziwani. Hapo mtawakuta karibu, huku katikati ya ziwa wakiwa vidoa tu.

Kuanzia Oktoba hadi Aprili hivi wapo pia ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia, wale wadogo wa kahawia wanaokimbia kwenye tope. Hawana rangi ya kumvutia mpiga picha, na kwa maoni yetu ndio wanaostahili darubini kuliko wote. Mwari na korongo wenye mdomo wa njano mtawaona bila kuhangaika.

Wanaotaka kufika Ziwa Natron wajue mambo mawili. La kwanza, hapo ndipo mahali pakuu pa kuzalia heroe wadogo katika Afrika Mashariki. Hujenga viota vya tope vyenye umbo la kichuguu kifupi, hutaga yai moja na kulilalia kwa takriban siku 28. Viota viko mbali, kwenye matope ya magadi ambayo mtu hawezi kuyavuka, na hiyo ndiyo salama yao. Msiombe kupelekwa karibu, wala msirushe droni: kundi likishtuka linaweza kuyaacha mayai yote. La pili ni ardhi yenyewe. Ule ukoko mweupe kando ya ziwa unaonekana mkavu kama sakafu, lakini chini yake kuna tope laini. Gari likitoka nje ya njia iliyozoeleka kwa mita chache tu, linazama hadi kwenye ekseli, na jeki nayo inadidimia badala ya kuinua. Bebeni ubao mnene wa sentimita 40 kwa 40 wa kuweka chini ya jeki, koleo na kamba ya kuvutia, na kaeni kwenye alama za matairi. Afadhali zaidi, acheni gari mbali na mtembee kwa miguu na mwongozaji wa kijiji cha Engare Sero anayeujua ukingo. Tokeni alfajiri, kwani mchana joto hupita nyuzi 35 na kivuli hakuna. Mkirudi mjini, osheni gari upande wa chini kwa maji mengi. Magadi hula chuma.

Tuje kambini. Kambi za umma zina vyoo, maji na mara nyingi jengo la kupikia. Kambi maalumu hazina chochote: ni eneo lenu peke yenu, mnalilipia mapema, na mnabeba kila kitu. Tatizo kubwa huko ni maji. Hesabu yetu ni lita 10 kwa mtu kwa siku; 4 za kunywa, zilizobaki za kupika, kuosha vyombo na kunawa. Watu 6 kwa siku 2 ni lita 120, yaani madumu 6 ya lita 20, na moja la ziada kwa ajili ya gari. Msiyapakie juu ya keria. Kilo 120 zikiwa juu, gari huyumba kwenye kona na mabati ya keria hupasuka kwenye barabara ya makorongo. Yakae sakafuni, nyuma ya viti vya mbele, yamefungwa. Kuni haziokotwi hifadhini, hivyo bebeni gesi; mtungi wa kilo 6 unawatosha watu hao kwa siku 4 au 5 mkiloweka maharage usiku. Malipo ya malangoni hayapokelewi kwa fedha taslimu, basi kadi au namba ya malipo iwe tayari kabla mtandao haujakatika.

Kabla ya kusimamisha hema, angalieni juu, kisha chini. Juu, msilale chini ya mwegea: tunda lake lina uzito wa kilo kadhaa na huanguka bila taarifa. Chini, fagieni miiba ya migunga, tandikeni turubai, na kingo zake zikunjwe ziishie ndani ya ukubwa wa hema. Turubai likichomoza nje hata kwa kiganja, mvua inatiririka juu yake na kuingia moja kwa moja chini ya godoro. Karibu na maji tafuteni njia za kiboko. Ziko wazi kwa anayezijua, mifereji miwili sambamba yenye tuta la majani katikati, kwa sababu miguu yake ya kushoto na ya kulia iko mbali. Hutoka majini usiku kwenda kulisha na hurudi kwa njia ile ile. Hema likiwa juu yake, kosa si la kiboko.

Wanyama wengi wanaoingia kambini hufuata harufu. Chakula chote kilale ndani ya gari, vioo vimefungwa, pamoja na sabuni na dawa ya meno. Machungwa, ndizi na mananasi visiingie kwenye hema hata kidogo. Tembo huvinusa kutoka mbali, na kitambaa cha hema kwake si kizuizi. Mchana ni zamu ya nyani na tumbili, hivyo mtu mmoja abaki na vyombo hata kama wote wamekwenda kuoga. Usiku ni fisi, naye hubeba viatu vya ngozi na sufuria isiyooshwa. Viatu vilale ndani. Pikeni mapema, mle na kuosha kabla ya giza. Anayetaka kwenda chooni usiku afungue zipu kidogo, amulike duara zima, na akiona macho yanang'aa arudi ndani akavumilie. Ndoo yenye kifuniko ndani ya hema si aibu.

Ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, ukungu ukiwa umetanda. Watu wa Dar huja na shuka. Baridi nyingi hutoka ardhini, kwa hiyo blanketi la kwanza liwe chini ya godoro, la pili ndio mjifunike. Kamwe msiingize jiko la mkaa kwenye hema, hata likionekana limezimika. Hewa yake yenye sumu haina harufu na huua watu usingizini.

Mhariri, kupitia kwako tuna ombi kwa wasimamizi wa hifadhi zenye maziwa. Wekeni ubao langoni, hata wa chaki, uandikwe kila Jumatatu: maji yako umbali gani kutoka barabarani, heroe wameonekana upande upi, barabara ipi imefungwa kwa tope. Askari wa doria wanazo habari hizi kila siku. Na kwenye majengo ya kupikia ya kambi za umma, nyavu za madirishani zilizochanika zishonwe au zibadilishwe, maana tumbili akishajua pa kuingilia anarudi na ukoo mzima.

Ni sisi waongoza watalii na wapishi wa kambi,
Karatu